Pigano la Poitiers (732): Tukio, Majina na Kumbukumbu

Miongoni mwa tarehe chache za Enzi ya Kati ambazo mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa huzibeba kichwani hadi uzeeni, mwaka wa 732 hauna mshindani. Hata aliyekwisha kusahau majina ya wafalme wote wa Wafaranki bado hukumbuka kwamba mwaka huo Charles Martel aliwasimamisha Waarabu huko Poitiers. Sentensi hiyo ni fupi, ni nyepesi ya kukariri, na ndiyo maana imedumu. Lakini msomaji akiipima neno kwa neno ataona kwamba karibu kila neno lililomo linadai maelezo: jina la mshindi, jina la washindwa, jina la mahali, na hasa kitenzi chenyewe, kuwasimamisha.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, nini kilitokea, kadiri vyanzo vya karne ya 8 vinavyotuwezesha kusema. Pili, jinsi pigano la siku moja lilivyogeuka kuwa ishara ya Ukristo uliosimama imara mbele ya Uislamu, na nani waliohitaji ishara hiyo. Mwandishi si mwanahistoria, ni mwanaisimu. Kwa hiyo msomaji asishangae akikuta tunakawia zaidi kwenye maneno kuliko kwenye mikuki.

Neno la awali kuhusu istilahi. Kifaransa hutenga vita vya muda mrefu na mapambano ya mahali pamoja kwa maneno mawili tofauti. Kiswahili aghalabu hutumia neno vita kwa yote mawili, na Kiswahili cha mjini Lubumbashi vivyo hivyo, kwa umbo lake la bita. Tukisema «vita vya Poitiers», mwanafunzi huweza kudhani kwamba mataifa mawili yalipigana miaka mingi kugombea mji huo. Kwa sababu hiyo tumechagua neno pigano.

Galia na Andalusi kabla ya 732

Mwaka wa 711 jeshi lililoongozwa na Tariq ibn Ziyad, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa Waberberi wa Afrika ya Kaskazini, lilivuka mlango wa bahari unaotenga Afrika na Hispania, likauangusha ufalme wa Wavisigoti. Katika muda wa miaka michache karibu rasi yote ya Iberia ilikuwa chini ya maliwali waliotii ukhalifa wa Bani Umayya wa Damasko. Nchi hiyo mpya ikaitwa Andalusi. Kufikia mwaka wa 720 hivi, Waislamu walikuwa wameshika pia Narbonne, mji ulio ng'ambo ya milima ya Pyrénées, na kuufanya kituo cha kutokea kwenda Galia.

Galia yenyewe haikuwa nchi moja. Kaskazini walitawala Wafaranki, ambao wafalme wao wa nasaba ya Merovingi walibakiwa na taji tu. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa msimamizi mkuu wa jumba la kifalme, na kwa wakati tunaousema huyo alikuwa Charles, mwana wa Pépin wa Herstal. Herstal iko kando ya mto Meuse, karibu na Liège, katika Ubelgiji ya leo. Kusini-magharibi palikuwa na Aquitaine, nchi tajiri iliyotawaliwa na Eudes, mtu ambaye hakumtambua Charles kuwa bwana wake. Kusini-mashariki, katika Provence, walikuwapo wakuu wengine wenye mawazo kama hayo.

Jambo ambalo vitabu vya shule huliruka ni kwamba ushindi mkubwa wa kwanza dhidi ya majeshi ya Andalusi haukuwa wa Charles. Mwaka wa 721 liwali Al-Samh ibn Malik aliuzingira mji wa Toulouse. Eudes alimshambulia, akalivunja jeshi lake, na liwali mwenyewe akafa kutokana na pigano hilo. Habari zilifika hadi Roma, kwa Papa Gregorio wa Pili. Ungedhani kwamba tarehe hiyo ingekaririwa kama ile ya 732. Lakini Eudes hakuacha ukoo uliotawala Ulaya, na historia huandikwa na ukoo uliobaki.

Eudes huyo huyo, baada ya miaka michache, alifanya jambo ambalo halikai vizuri katika picha ya Msalaba na Hilali. Alijiona yuko katikati ya maadui wawili, Charles kaskazini na maliwali wa Kordoba kusini. Basi alifanya mapatano na Munuza, mkuu wa Kiberberi aliyeshika nchi ya mipakani ya Cerdanya, akamwoza binti yake. Munuza naye alikuwa na sababu zake: tarikhi ya Kilatini iliyoandikwa Hispania yapata mwaka wa 754 yatueleza kwamba alisikia jinsi watu wa kabila lake walivyokuwa wakidhulumiwa na Waarabu huko Afrika, akaasi. Liwali mpya, Abd al-Rahman al-Ghafiqi, alimwendea na kumzingira milimani. Munuza akafa, na binti wa Eudes akapelekwa kwa khalifa. Kwa upande wa kaskazini, mwaka wa 731 Charles alivuka mto Loire na kuipora Aquitaine, nchi ya Wakristo wenzake. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa: Mkristo akishirikiana na Mwislamu dhidi ya Mkristo, na Mwislamu akimwua Mwislamu.

Siku ya pigano

Mwaka wa 732 Abd al-Rahman alivuka Pyrénées na jeshi kubwa. Aliuteka mji wa Bordeaux, kisha akamshinda Eudes vibaya sana karibu na mto Garonne. Eudes, baada ya kupoteza jeshi, hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwa adui yake wa jana. Akamwendea Charles, akaomba msaada, na bila shaka aliulipa msaada huo kwa kukubali ukubwa wake.

Wakati huohuo jeshi la Andalusi lilielekea kaskazini likikusanya nyara. Huko Poitiers lilichoma kanisa la Mtakatifu Hilario, lililokuwa nje ya kuta za mji. Kutoka hapo likashika njia ya Tours, ambako palikuwa na kaburi la Mtakatifu Martino na hazina kubwa iliyotolewa na mahujaji kwa vizazi vingi. Shabaha hii yatufahamisha mengi juu ya tabia ya safari ile. Haikuwa safari ya kukaa na kutawala, bali ya kutafuta ngawira. Majeshi ya aina hiyo yalikwenda majira ya kiangazi na kurudi kabla ya baridi kali. Mwaka wa 725 kikosi kingine kilikuwa kimefika hadi Autun, mbali zaidi upande wa mashariki, kikaupora mji na kurudi, wala hakuna mtoto wa shule anayeujua mwaka huo.

Majeshi mawili yalikutana mahali fulani kati ya Poitiers na Tours. Wengi hupataja Moussais, kitongoji cha Vouneuil-sur-Vienne, ambacho hata leo huitwa Moussais-la-Bataille. Ndiyo kusema kwamba pigano halikutokea mjini Poitiers wala mjini Tours. Wafaransa wamelipa jina la mji wa kusini, na Waingereza mara nyingi huliita kwa jina la mji wa kaskazini. Tarehe nayo inajadiliwa. Iliyozoeleka ni mwezi wa Oktoba 732, ambao mwishoni mwake uliangukia mwanzo wa Ramadhani ya mwaka wa 114 wa Hijra. Wako wataalamu wanaopendelea 733.

Tarikhi ya mwaka wa 754 ndiyo yenye maelezo mengi kuliko zote, nayo hayazidi kurasa chache. Yasema kwamba pande mbili zilitazamana kwa siku saba bila kuingiliana kwa nguvu. Hatimaye wapanda farasi wa Andalusi wakashambulia. Watu wa kaskazini walisimama kwa miguu, wameshikamana bega kwa bega, na mwandishi anawafananisha na ukuta na barafu isiyoyeyuka. Abd al-Rahman aliuawa. Usiku ukaingia, kila upande ukarudi kambini. Kulipopambazuka, Wafaranki waliona mahema ya adui yamesimama vilevile, wakajipanga tayari kwa mapambano mengine. Wapelelezi walipotumwa waligundua kwamba mahema yalikuwa matupu: jeshi lote lilikwisha kuondoka usiku kimyakimya. Charles hakulifuatia. Aligawa nyara, akarudi kwake.

Idadi ya wapiganaji haijulikani kwa namna ya kuaminika. Hata hivyo takwimu moja imetembea sana, nayo inastahili kutajwa kwa sababu yafundisha jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Kitabu cha maisha ya Mapapa kilichoandikwa Roma kilidai kwamba Eudes, katika ushindi wake, aliua Wasarasini 375,000. Baadaye, kwenye karne hiyo hiyo ya 8, Paulo Shemasi, mwanahistoria wa Walombardi, aliichukua hesabu hiyo na kuiweka katika pigano la Charles, akisema kwamba Wafaranki waliokufa walikuwa 1,500 tu. Maiti wa Toulouse, ambao hata hapo walikuwa wameongezwa kupita kiasi, walihamishwa hadi Poitiers. Pamoja nao ulihamishwa utukufu wa Eudes.

Kusimamisha au kutosimamisha

Je, Charles aliwasimamisha Waarabu? Kama kusimamisha ni kuwarudisha nyuma siku ile, jibu ni ndiyo. Kama ni kukomesha safari zao katika Galia, jibu ni hapana. Katika miaka ya 730 hiyo hiyo majeshi ya Andalusi yaliingia Provence, na hayakuingia kwa nguvu tu: Maurontus, mkuu wa Provence na Mkristo, alishirikiana nayo kwa kuwa alimwogopa Charles zaidi. Mwaka wa 737 Charles aliuteka mji wa Avignon, akalishinda jeshi jingine la Waislamu kando ya mto Berre karibu na Narbonne. Narbonne yenyewe ilimshinda. Badala yake alibomoa na kuteketeza ngome za Nîmes, Agde, Béziers na Maguelone, miji ya Wakristo. Mji wa Narbonne uliangukia mikononi mwa mwanawe, Pépin Mfupi, mwaka wa 759, yaani miaka 27 baada ya pigano tunalolizungumzia.

Kilichopunguza nguvu za Andalusi upande wa kaskazini kilitoka zaidi upande wa kusini. Mwaka wa 740 Waberberi wa Maghrib waliasi dhidi ya maliwali Waarabu, na moto huo ukavuka bahari hadi Hispania. Mwaka wa 750 Bani Umayya wakapinduliwa na Bani Abbas. Liwali mwenye nyumba inayoungua hana nafasi ya kwenda kuvunja mlango wa jirani.

Henri Pirenne, mwanahistoria Mbelgiji, ambaye kitabu chake juu ya Muhammad na Charlemagne kilichapishwa mwaka wa 1937 baada ya kufa kwake, aliamini kwa nguvu zote kwamba kuenea kwa Uislamu ndiko kulikovunja umoja wa ulimwengu wa kale. Hata hivyo yeye hakulipa pigano la Poitiers uzito mkubwa: aliliona kuwa mwisho wa uvamizi mmoja wa kutafuta nyara, na akakipa kipaumbele kushindwa kwa Waarabu mbele ya kuta za Konstantinopoli, mwaka wa 717 na 718. Tuonavyo sisi, hoja hii ni nzito, kwani inatoka kwa mtu ambaye nadharia yake ingefaidika sana na Poitiers.

Majina na waliyoyatoa

Sasa tuyatazame majina. Mwandishi wa tarikhi ya mwaka wa 754 alikuwa Mkristo aliyeishi chini ya utawala wa Kiislamu. Tungemtarajia awaite washindi «Wakristo». Hakufanya hivyo. Aliwaita watu wa kaskazini, na mahali pengine akatumia neno la Kilatini lisilo la kawaida, Europenses, yaani watu wa Ulaya. Wapinzani wao aliwaita Waarabu na Wasarasini, majina ya kikabila zaidi kuliko ya kidini. Kwa hiyo shahidi wetu aliye karibu zaidi na tukio, tena mtu wa Kanisa, hakuliona pigano kuwa la dini mbili, au walau hakuona haja ya kulisema hivyo.

Maandishi ya upande wa Wafaranki yana sauti nyingine. Waandishi walioendeleza tarikhi iitwayo ya Fredegar walifanya kazi chini ya ulinzi wa Childebrand, ndugu wa Charles. Humo Charles anashinda kwa msaada wa Kristo, na Eudes anatuhumiwa kuwa ndiye aliyewaita Wasarasini. Tuhuma hiyo haina mantiki, kwani Eudes ndiye aliyeumizwa kwanza. Lakini ina faida, maana inahalalisha kunyang'anywa kwa Aquitaine. Hapo ndipo tunapoona chembe ya kwanza ya ishara tunayoichunguza. Dini inaingia katika hadithi kwa kupitia mlango wa siasa ya ukoo.

Na jina Martel? Charles hakuitwa hivyo alipokuwa hai. Lakabu hii yaonekana katika maandishi ya karne ya 9. Maana yake ni nyundo. Wako wanafunzi wanaolihusisha na neno la Kifaransa la mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini, kwa sababu ya kufanana kwa sauti. Hayo ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote. Tena wakati lakabu hiyo ilipokuwa inaenea, viongozi wa Kanisa hawakuwa na sifa njema za kumpa mwenye nyundo. Charles alikuwa amechukua mashamba mengi ya makanisa na monasteri ili awalipe askari wake. Mwaka wa 858 maaskofu waliokutana Quierzy walimwandikia mfalme Louis wa Ujerumani wakimkumbusha masimulizi ya Mtakatifu Eucherius, askofu wa Orléans, aliyeonyeshwa katika njozi Charles akiteswa motoni. Na kaburi lake lilipofunguliwa lilikutwa tupu, limeungua, na joka likatoka ndani. Njozi hiyo ina kasoro ndogo, nayo ni kwamba Eucherius alikufa kabla ya Charles. Lakini tusiicheke tu. Inatuonyesha kwamba zaidi ya karne moja baada ya Poitiers, maaskofu wa Galia walimkumbuka Charles kuwa mporaji wa mali ya Kanisa, si mwokozi wa Ukristo.

Upande wa Kiarabu, habari ni fupi mno. Ibn Abd al-Hakam, aliyeandika nchini Misri katika karne ya 9, analitaja tukio kwa maneno machache: liwali alitoka kwenda kupigana, akafa shahidi pamoja na wenzake. Wanahistoria wa Andalusi wa baadaye wakapaita mahali pale Balat al-Shuhada. Balat ni njia iliyosakafiwa kwa mawe, na pengine walimaanisha barabara ya kale ya Warumi iliyounganisha Poitiers na Tours. Shuhada, msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: ni wingi wa shahidi.

Neno hili latustahili tukae nalo kidogo. Katika Kiarabu, shahidi ni aliyeona na kutoa habari, na pia ni aliyekufa kwa ajili ya imani. Neno la Kigiriki walilolitumia Wakristo wa kwanza kwa waliouawa kwa ajili ya Kristo lina maana zilezile mbili. Kiswahili kilipokea neno la Kiarabu, na kikalitumia kwa dini zote mbili: Wakatoliki na Waanglikana husema Mashahidi wa Uganda kwa wale vijana waliouawa kati ya 1885 na 1887, na hapa kwetu Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka wa 1964, huitwa shahidi na pia mfiadini. Kwa Kifaransa, wafu wa Abd al-Rahman na wafu wa Charles hukaa katika kamusi mbili tofauti. Kwa Kiswahili, jina moja lingewatosha wote.

Ishara ilivyotengenezwa

Kwa karne nyingi pigano la Poitiers lilikumbukwa bila kelele. Katika Enzi ya Kati yenyewe, wasimuliaji waliotaka shujaa wa Kikristo walimtafuta zaidi Charlemagne, mjukuu wa Charles. Ni karne ya 18 na ya 19 zilizoipandisha tarehe hii cheo. Edward Gibbon, katika juzuu lililotoka mwaka wa 1788, alitoa dhana maarufu kwamba, bila ushindi ule, Kurani ingekuwa ikifafanuliwa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Watu wengi waliomnukuu hawakusikia kejeli iliyomo katika sentensi yake, maana Gibbon hakuwa mpenzi wa wanateolojia wa Oxford. Mwaka wa 1851 Mwingereza Edward Creasy aliliweka pigano hili katika orodha yake ya mapigano 15 yaliyoamua hatima ya ulimwengu.

Huko Ufaransa, mfalme Louis-Philippe aliagiza picha kubwa ya pigano kwa ajili ya ukumbi wa Versailles; mchoraji Charles de Steuben aliifanyia kazi kati ya 1834 na 1837. Charles yuko juu ya farasi, amenyanyua silaha, na msalaba umesimama karibu. Tarehe ya picha haikuja kwa bahati. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yametua Aljeri mwaka wa 1830. Taifa lililokuwa likivuka bahari kwenda kuteka nchi ya Waislamu lilipenda kujiona katika sura ya mtu aliyewazuia Waislamu wasiiteke nchi yake.

Kuanzia hapo ishara haikosi wa kuitumia. Kikundi kilichojiita kwa jina la Charles Martel kilidai kuhusika na bomu lililolipuka katika ubalozi mdogo wa Aljeria mjini Marseille, Desemba 1973, na kuua watu wanne. Oktoba 2012 vijana wa mrengo mkali wa kulia walipanda juu ya paa la msikiti uliokuwa ukijengwa Poitiers, wakatundika kitambaa chenye tarehe ya 732. Machi 2019, mtu aliyeua Waislamu 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, alikuwa ameandika jina la Charles Martel kwenye silaha zake. Hatusemi kwamba walimu waliokaririsha tarehe hiyo wana hatia ya damu hiyo. Twasema tu kwamba tarehe iliyokaririwa bila maelezo ni chombo kitupu, na yeyote aweza kukijaza.

Ishara hii Kongoni

Msomaji aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa njia mbili, na ya kwanza ni historia ya nchi hii. Julai 1888, Kardinali Lavigerie, askofu mkuu wa Aljeri na mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri mjini Paris juu ya biashara ya watumwa katika Afrika, na mwezi uliofuata akahubiri Bruxelles. Aliyosema juu ya mateso ya watumwa yalikuwa ya kweli, na ya kutisha. Lakini lugha aliyoitumia kuwaamsha wasikilizaji wake ilikuwa lugha ya vita vya msalaba. Kwenye ufuo wa ziwa Tanganyika, Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alishika bunduki kulinda misheni. Na Dola Huru la Kongo lilipopigana na wakuu wa Nyangwe na Kasongo, kuanzia 1892 hadi 1894, Ulaya ilielezwa kuwa huo ulikuwa ushindi wa Ukristo na ustaarabu dhidi ya «Waarabu».

Lakini tukiwatazama waliopigana, tunakutana tena na Eudes na Munuza. Mwaka wa 1887 Dola hilohilo lilikuwa limemteua Tippo Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa liwali wake wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye lilikuwa likipigana na mwanawe, Sefu. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippo Tip, alihamia upande wa Dola na kulipa sehemu kubwa ya nguvu zake. Maofisa wa Dola walimlipa kwa kumwua mwaka wa 1893. Wapiganaji wengi wa upande ulioitwa wa Kikristo hawakuwa Wakristo, na wengi wa walioitwa Waarabu walikuwa Wakongomani na watu wa pwani ambao hawakupata kuiona Arabuni. Leo Kasongo ina Waislamu wengi, ni raia kama sisi, na watoto wao huketi darasani mwalimu anapofundisha kwamba «sisi» tuliwashinda «wao». Swali la nani huyo «sisi» si la sarufi peke yake.

Njia ya pili ni fasihi yetu. Katika Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ya zamani ni ya mwaka wa 1728 na ambao hunasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, majeshi ya Mtume yanapambana na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Damu inamwagika, mashujaa wanatajwa kwa majina, Wakristo wanashindwa. Nayo historia yasema kwamba msafara wa Tabuk, mwaka wa 630, ulirudi bila kupigana na Warumi hata mara moja. Mtunzi amechanganya habari zake na za Muta, pigano la mwaka uliotangulia ambalo Waislamu hawakulishinda. Kwa maneno mengine, Pate ilifanya kwa Tabuk kile ambacho Versailles ilikifanya baadaye kwa Poitiers, ijapokuwa utenzi ule, kwa maoni yetu, una sanaa kubwa zaidi kuliko picha ya Steuben. Anayefundisha fasihi ya Kiswahili angefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi kazi zote mbili katika somo moja.

Limebaki tatizo la tafsiri, ambalo limetushughulisha katika mazoezi na wanafunzi wa mwaka wa pili. Europenses tulitafsirije? Wengi waliandika bila kusita: Wazungu. Kisarufi hakuna kosa, lakini neno Mzungu limezaliwa katika safari na biashara za karne za karibuni, na msikilizaji wa Kongo analisikia pamoja na kofia ya chuma, kodi na kiboko. Mwandishi wa mwaka wa 754 hakuwa na hayo akilini. Alikuwa anatafuta jina la mchanganyiko wa Wafaranki na majirani zao ambao hawakuwa na jina la pamoja. Wengine wakapendekeza Wakristo, na hapo ndipo tulipokataa kabisa, kwa kuwa ni kumtia mwandishi neno alilolikwepa. Tuliafikiana juu ya «watu wa Ulaya». Mwanafunzi mmoja alikumbusha kwamba hata Ulaya latokana na neno la Kiarabu wilaya, yaani jimbo au nchi iliyo chini ya liwali, na kwamba Abd al-Rahman angelielewa bila mkalimani. Tukaliacha vivyo hivyo.